Nilidanganya Kuhusu Bia ya Wajerumani

Wiki tatu zilizopita nilitoa video fupi, sekunde tisini hivi, kuhusu vile Wajerumani wamelinda bia yao tangu 1516. Nilisimama mbele ya kamera na ule uso wangu wa kujifanya najua, nikasema kuna sheria ya usafi, ati bia ni maji, shayiri na hopsi basi, na ndio maana bia yao inasifiwa dunia nzima na ya wengine imejaa kemikali. Ilitembea. Kwa ukurasa mdogo kama wangu, ilitembea mpaka nikaanza kujiona mwalimu.

Halafu beshte yangu akanitumia ujumbe wa sauti wa dakika sita. Tulikuwa naye darasa moja kampo kabla niache mwaka wa pili. Yeye alimaliza, akatafuta kazi mwaka mzima akakosa, akajifunza Kijerumani, na sai yuko Bavaria, kusini mwa Ujerumani, anafunzwa kazi ya kutengeneza bia. Kitu ya kwanza alisema: "Buda, umesoma tangazo la biashara ukaliita historia."

Iliniuma, juu alikuwa anasema ukweli. Nimekaa wiki mbili nikisoma, na hii posti ni ya kurekebisha. Kama hujafika miaka 18, chukua hii kama historia na kemia, si mwaliko wa kwenda baze kulewa. Mimi mwenyewe chupa moja hunimaliza.

Haya, tuanze na hio karatasi.

Tarehe 23 Aprili 1516, katika mji wa Ingolstadt, watawala wawili wa Bavaria, Wilhelm IV na mdogo wake Ludwig X, walitoa amri kuhusu bia. Ukiisoma yote unashangaa: sehemu kubwa ni bei. Kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli, 29 Septemba, hadi ya Mtakatifu George, 23 Aprili, kipimo cha kama lita moja kisiuzwe zaidi ya pfennig moja. Miezi ya joto kisizidi pfennig mbili. Ukipatikana umetia vitu vingine, pipa linachukuliwa na hulipwi kitu. Hapo katikati ndio kuna ile sentensi ya shayiri, hopsi na maji. Sentensi moja tu! Hio ndio mimi nilijengea video nzima.

Na kwa nini shayiri? Juu ngano na rai, ile nafaka ya mkate mweusi, zilikuwa za waokaji. Mkate ukipanda bei watu huwaka, sisi tunajua vile unga ukipanda huku inakuwaga. Kwa hivyo mtawala anawaambia watu wa bia: nyinyi shikeni shayiri, ngano muache. Sisemi usafi haukuwepo kabisa. Zamani kuna watu walikuwa wanatia majani ya kila aina kwa bia, mengine ya sumu, na amri kama hizi ziliwazuia. Lakini lile jina tamu, Reinheitsgebot, yaani amri ya usafi, hao ndugu wawili hawakulijua. Lilionekana mara ya kwanza mwaka wa 1918, kwenye mjadala wa bunge la Bavaria. Miaka mia nne baadaye.

Sasa ngoja utamu. Ile ngano ambayo raia wa kawaida hawakuruhusiwa kuweka kwa bia? Kulikuwa na familia moja ya mabwana wakubwa, akina Degenberg, ambao walikuwa na ruhusa maalum ya kutengeneza bia ya ngano. Hio familia ilipoisha bila mrithi mwaka wa 1602, ruhusa ikarudi kwa mtawala, wakati huo Maximilian I. Unafikiri aliifuta, ndio watu wapate mkate? Zii. Aliishika mwenyewe. Akajenga viwanda vya bia ya ngano, akauza, na hio pesa ikawa mapato makubwa sana ya nyumba yake. Yaani ngano kwa bia ni makosa ukiwa mimi na wewe, lakini ikiwa ni yeye ni mapato ya serikali. Hio ruhusa ilikuja kutoka mikononi mwa wafalme karne ya 19, na mwaka wa 1872 mtengenezaji mmoja wa Munich, Georg Schneider, akaanza kupika bia ya ngano yeye mwenyewe. Leo Weissbier ndio ile unaona kwa picha, glasi ndefu, povu kama sabuni, na kila mtu anaiita mila ya Bavaria.

Kitu kingine nilipitia kama gari ya matatu inapitia bampu: hamira. Amri ya 1516 haitaji hamira, na bila hamira huna bia, uko na uji baridi wa shayiri. Hawakuwa wajinga. Walikuwa wanaona yale matope chini ya pipa, wakichota ya jana kuanzisha ya leo, bila kujua ni viumbe hai. Hadi karne ya 19, kazi ya Louis Pasteur, ndio watu wakaelewa. Na 1883 Emil Christian Hansen, akiwa maabara ya Carlsberg kule Copenhagen, akafaulu kutenga aina moja safi ya hamira na kuikuza peke yake. Huo ndio usafi wenye maana kwa bia, na umetoka Denmark.

So hasira yangu ni gani? Kila mtu husimulia uongo kidogo juu ya chakula chake. Shida ni vile hio story ilitumika.

Bavaria ilikuwa sehemu moja tu. Kaskazini watu walikuwa na bia zao: za ngano, za viungo, za uchachu. Kuna moja inaitwa Gose, ilitoka mji wa Goslar ikahamia Leipzig, ina chumvi na giligilani. Ndio, chumvi kwa bia! Sheria ya kutumia viungo vya aina ya Bavaria ilipopanuliwa kwa Ujerumani yote mwaka wa 1906, bia nyingi za aina hio zilikosa nafasi, zingine zikabaki kwa ruhusa maalum. Gose yenyewe ilikufa kabisa miaka ya 1960, ikafufuliwa miaka ya 1980 na watu wachache wenye kichwa ngumu. Sheria peke yake haikuiua, vita na siasa na soko viliingia pia. Lakini ukishaambia watu miaka yote kwamba bia halali ni ya namna moja, nani atalilia ile nyingine?

Na si mambo ya kale. Kuna kiwanda kidogo Neuzelle, mashariki karibu na mpaka wa Poland, kinatengeneza bia nyeusi na kuitia sukari kidogo mwishoni, vile walikuwa wanafanya zamani huko. Maafisa wa jimbo la Brandenburg wakasema hio si bia, wasiandike neno bia kwa chupa. Walivutana kama miaka kumi mpaka mahakama kuu ya utawala ya Ujerumani ikawapa ruhusa mwaka wa 2005. Miaka kumi kortini juu ya neno moja kwa chupa.

Kabla ya hapo, mwaka wa 1987, Mahakama ya Ulaya ilikuwa imeshaambia Ujerumani haiwezi kuzuia bia za nchi zingine kuingia eti kwa sababu hazifuati hio amri. Ujerumani ilijitetea kwa afya: watu wetu wanakunywa bia nyingi, vitu vya kuongezwa vitawadhuru. Mahakama haikununua hio. Bia za nje zikaingia, na ndio hapo 1516 ikageuka kabisa kuwa tangazo. Sheria haikuweza tena kuwazuia wengine, basi ikaandikwa kwa chupa. Miaka thelathini na kitu baadaye mimi, kwa keja yangu ya Kahawa West, nikaisoma kwa chupa na kuwasomea nyinyi. Bure! Hata hawakunilipa.

Sasa, msinielewe vibaya. Bia ya Ujerumani ni nzuri, hilo silitoi. Nilikosea sababu. Na ukiniuliza leo sababu ya kwanza, nitakwambia: baridi.

Mwaka wa 1553 Bavaria ilitoa amri nyingine, hii haipigiwi kelele. Kupika bia kiangazi ni marufuku, unapika tu kati ya 29 Septemba na 23 Aprili. Walikuwa wameona bia ya wakati wa joto inaharibika haraka. Bila kujua, wakawa wamechagua aina ya hamira: ile inayofanya kazi pole pole kwa baridi na kuzama chini ya pipa. Bia inayotokea ni laini, safi mdomoni. Lakini lazima iwekwe miezi, na kuweka kwa Kijerumani ni lagern. Hapo ndio neno lager limetoka. Angalia chupa nyingi za hapa kwetu, limeandikwa hapo. Kila mtu anayeagiza lager Nairobi anaagiza, bila kujua, bia iliyowekwa mahali pa baridi ingoje.

Bia ya kunywewa kiangazi ilibidi ipikwe mwisho wa majira ya baridi na ifichwe. Wakachimba mapango chini ya ardhi pembeni ya Munich, wakajaza barafu iliyokatwa kwa maziwa na mito. Juu ya pango wakapanda mikastania, miti ya majani mapana, ndio kivuli kipoeshe ardhi. Sasa fikiria jua kali la Julai, uko na kivuli, na chini yako kuna bia baridi. Utafanya nini? Watu wakaleta meza. Wenye mikahawa mjini wakalia kwamba wanaibiwa wateja, na 1812 mfalme Max Joseph akaamua kesi: wenye mapango wauze bia, lakini chakula wasiuze, isipokuwa mkate. Ukitaka kula, beba yako kutoka nyumbani.

Na mpaka leo, kwa bustani za bia za kitamaduni za Bavaria, unaruhusiwa kuingia na chakula chako. Familia inakuja na kikapu, kitambaa cha meza, jibini, figili, inanunua kinywaji tu. Wueh. Jaribu kuingia na chapo zako kwa klabu yoyote ya hapa uone mlinzi atakwambia nini.

Baridi ikaendelea kutafutwa. Miaka ya 1870 mhandisi Carl von Linde alijenga mashine za kutengeneza baridi, na waliompa nafasi na pesa ya kujaribu walikuwa watu wa bia, hasa kiwanda cha Spaten cha Gabriel Sedlmayr kule Munich. Hawakuwa wanafikiria maziwa yako. Walitaka kupika Agosti. Lakini friji ya mathe kule nyumbani ni mjukuu wa hizo mashine, na hio kwangu ni story kubwa kuliko sentensi moja ya 1516. Ndio ilifaa kuwa video.

Sababu ya pili ni watu, na hapa ndio beshte yangu alinimaliza.

Najua wengi wenu mnajua neno Ausbildung. Tangu Kenya na Ujerumani zitie sahihi makubaliano ya uhamiaji na ajira mwezi wa Septemba 2024, kila mtaa uko na mtu anasoma Kijerumani, na kila mtaa uko na ajenti anayekula pesa ya mtu. Tunasikia uuguzi, hoteli, ufundi wa magari. Kuna moja sijawahi kusikia ajenti akitaja: Brauer und Mälzer, mtengenezaji wa bia na kimea. Miaka mitatu. Siku zingine uko kiwandani, zingine uko shule ya ufundi, na unalipwa mshahara wa mwanafunzi huku ukijifunza.

Beshte yangu anasema miezi ya kwanza hakupika kitu. Aliosha. Matangi, mabomba, sakafu, mifereji, tena na tena, na akiacha doa anarudishwa. Baadaye ndio wakamweka kwa kimea: kuloweka shayiri, kuiacha iote, kuigeuza isipate joto sana, kuikausha. Ukikausha kwa moto mdogo unapata bia ya dhahabu, moto mkubwa inaenda nyeusi, na ukikausha kwa moshi wa kuni vile wanafanya Bamberg, unapata bia inanukia kama nyama iliyotundikwa juu ya jiko. Viungo ni vile vile. Tofauti ni mkono wa mtu na muda.

Akimaliza, akifanya kazi, anaweza kurudi asomee kuwa Meister. Na hili nilirudia kusoma mara tatu: kwenye orodha rasmi ya Ujerumani ya viwango vya elimu, Meister na digrii ya kwanza ya chuo ziko ngazi moja. Ya sita, zote. Si ati moja ni ya walioshindwa.

Mimi nilikuwa nasomea sayansi ya chakula. Kimea nilifundishwa kwa slaidi. Mwalimu alionyesha picha ya shayiri iliyoota, tukaandika hatua saba, tukafanya mtihani wa hizo hatua saba, na hakuna siku nilishika mbegu moja iliyolowa. Niliacha kwa sababu nyingi, karo ikiwa ya kwanza, na sitajifanya shujaa hapa. Buda yangu hadi leo akiulizwa nafanya nini anasema "yuko Nairobi". Lakini nilipomsikia beshte yangu akieleza vile anapitisha mkono ndani ya shayiri kujua kama imepata joto, nilisikia wivu, na si wa Ujerumani.

Juu kuna mtu nilimwona akifanya hivyo nikiwa mdogo. Kukhu, nyanya yangu, Bungoma. Wimbi lililoloweshwa, likafungwa kwa gunia, na yeye anapitisha mkono ndani kila asubuhi. Neno kimea nililijua kwake kabla ya kampo. Alikuwa anapika busaa ya harusi na matanga, na ya kuuza kidogo ndio watu waende shule. Siku moja askari walikuja, wakamwaga pipa lote kwa shimo la takataka, nikiwa nimesimama hapo. Sheria ilibadilika 2010, pombe za kienyeji zikaruhusiwa kwa leseni na viwango, lakini kukhu hakurudi kupika ya kuuza. Na sisemi viwango ni vibaya. Watu wamepofuka na kufa kwa pombe chafu nchi hii, tumezika majirani. Ninachosema ni kwamba Bavaria, mtawala alipopiga ngano marufuku halafu akaiuza mwenyewe, bado aliacha mpikaji wa shayiri na kazi yake, na mwishowe ile kazi ikapewa shule, mtihani na cheti. Huku ujuzi wa kukhu ulimwagwa pamoja na pipa.

Kuna sheria ya bia ya Ujerumani naipenda, lakini si ya 1516. Ni ya Köln. Kule wanatengeneza bia inaitwa Kölsch, na watengenezaji walikubaliana 1986 kwamba hilo jina ni la bia ya huko, yenye namna yake, basi. Inakuja kwa glasi nyembamba ya desilita mbili. Mhudumu anaitwa Köbes, haulizi, anakuletea nyingine mpaka uweke kile kikadi cha chini juu ya glasi. Hio sheria inasema: hii ni yetu, imetoka hapa. Haisemi bia ya jirani ni chafu, ingawa ukienda Düsseldorf, kilomita arobaini tu kutoka hapo, utasikia matusi ya kutosha kuhusu Kölsch.

Video ya kwanza sijaifuta. Nimeandika juu yake kwamba ina makosa na nimeweka kiungo cha hii posti. Kama uliisambaza, tafadhali sambaza na hii, hata kama haitatembea hivyo. Marekebisho hayatembeagi.

Jana nilimpigia kukhu kumuuliza kimea chake kilikuwa kinachukua siku ngapi. Akasema tatu za kuota, na za kuanika ni kulingana na jua. Akauliza hao Wazungu wa rafiki yangu huchukua ngapi. Nikamwambia kuloweka, kuota na kukausha, kama wiki moja hivi, na bado bia ikae miezi kwa baridi ndio inywewe.

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza, "Na hao wageni wa harusi wanangoja wapi?"